Akwariamu ya mapokezini: siku 38 kabla ya samaki wa kwanza

Majina, mtaa na maelezo yanayoweza kutambulisha jengo yameondolewa. Vipimo vya maji na mfuatano wa matukio vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye daftari la tangi.

Usuli

Kliniki binafsi ya meno katika Wilaya ya Kinondoni ilikuwa inahamia jengo jipya. Mmiliki, ambaye hapa tutamwita Daktari, alitaka akwariamu ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mapokezini ili wagonjwa wawe na kitu cha kutazama wakati wanasikia mashine ikilia chumba cha pili. Kazi akapewa mtunzaji mwenye uzoefu wa matangi ya nyumbani. Kuanzia siku maji yalipotiwa hadi siku ya ufunguzi zilikuwa siku 19.

Siku 19 hazitoshi, na mtunzaji alilisema hilo mapema. Kabla ya samaki, tangi huoteshwa bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo kali. Tangi jipya linalooteshwa bakteria hao kutoka sifuri huchukua kati ya wiki nne na sita. Joto la Dar hulisukuma kidogo, na kipande cha sponji chenye bakteria kutoka tangi kongwe hulisukuma zaidi. Makubaliano yakawa kwamba watajaribu kuwahi, na vipimo ndivyo vitakavyoamua.

Wengine wawili wanaohusika ni dada wa usafi, aliyefunga ofisi jioni, na mlinzi wa usiku. Hakuna aliyewaeleza lolote kuhusu tangi. Sehemu kubwa ya kisa hiki inaanzia hapo.

Tangi na hesabu zake

Fundi vioo alitengeneza tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 45 kwa kioo cha milimita 8. Maji yakifika kimo cha sentimita 40, ujazo wa ndani ni kama lita 150. Ukitoa nafasi inayokaliwa na mchanga, zinabaki lita 140 hivi. Hiyo 140 ndiyo ya kushika, kwa sababu kila dozi ya dawa hukokotolewa kwa maji yaliyomo, na kutumia ujazo wa boksi tupu ni njia rahisi ya kuzidisha.

Silikoni iliyotumika ni ile ya kawaida inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Tyubu za bafuni nyingi zina dawa hiyo na hazifai kwa samaki. Iliachwa wiki moja ikauke, kisha tangi likajazwa uani kwa saa 48 juu ya karatasi kavu za boksi ili tone lolote lionekane. Halikuvuja.

Uzito wa vyote, yaani maji, kioo na mchanga, ulikaribia kilo 200 kabla ya meza. Meza ilikuwa ya chuma, ikanyooshwa kwa pima maji, na chini ya kioo ikatandikwa shiti ya povu gumu ya sentimita 1. Filta ilikuwa ya ndani, yenye sponji, inayosukuma lita 700 kwa saa, yaani mara tano ya ujazo. Hita haikununuliwa. Maji ndani ya jengo hilo yalikaa kati ya nyuzi 28 na 30 bila msaada wowote, na katika joto hilo hewa ndani ya maji ndiyo ya kuhofia: maji ya nyuzi 30 yaliyojaa oksijeni hubeba takriban miligramu 7.5 tu kwa lita. Kwa hiyo pampu ndogo ya hewa iliongezwa, ikawekwa juu kuliko usawa wa maji ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira na kumwagika sakafuni.

Siku ya 1 hadi ya 9: mchanga, kamba na sponji

Maji ya kwanza yalitoka kwenye simtanki la jengo, ambamo yalikuwa yamekaa siku tatu. Klorini ilisoma 0, pH (kipimo cha uasidi, ambacho hupanda uasidi unapopungua) 7.4, nyuzi 28. Maji mazuri kabisa. Ilipofika siku ya 3, pH ilikuwa 8.2.

Mchanga ndio uliopandisha. Ulikuwa kilo 25, umeoshwa mpaka maji yakatoka meupe, lakini ulikuwa wa pwani, umejaa vipande vidogo vya makombe. Mtunzaji alichukua kijiko kimoja kikavu akakimwagia siki, mchanga ukatoa povu. Jaribio hilo huchukua nusu dakika na lilipaswa kufanyika kabla ya mchanga kuingia tangini. Makombe na matumbawe ni chokaa. Huyeyuka polepole na kupandisha pH na ugumu wa maji.

Zilikuwepo njia mbili. Kwanza, kuutoa mchanga wote na kuleta wa mto wenye chembe za milimita 2 hadi 4. Pili, kuuacha na kubadilisha samaki. Daktari alikuwa anataka goldfish wanne na angelfish wawili. Goldfish walishakataliwa kwa sababu nyingine: huchafua sana, hukua kupita sentimita 20, na nyuzi 29 kwao ni joto la kuwachosha. Angelfish hupendelea maji laini. Molly na guppy hustawi katika maji magumu yenye pH ya 8 na kidogo. Mtunzaji akashauri samaki wafuate mchanga, Daktari akakubali baada ya kuonyeshwa picha za molly weusi.

Uamuzi ulikuwa na faida isiyoonekana na gharama isiyoonekana. Faida ni kwamba bakteria wanapoigeuza amonia hula ualikali wa maji, yaani akiba inayozuia pH isishuke, kama miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia. Maji laini huishiwa, pH ikaporomoka, kazi ikasimama. Mchanga wa makombe hurudishia kinacholiwa. Gharama ni kwamba sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka kadiri pH inavyopanda. Katika nyuzi 29 na pH 7.4 sehemu hiyo ni takriban asilimia 2. Kwa pH 8.2 ni karibu asilimia 11. Kwa hiyo kosa dogo la amonia katika tangi hili ni kosa kubwa.

Chakula cha bakteria kilianza na kamba wabichi wa soko la samaki la Feri, gramu 50, ndani ya soksi ya nailoni. Ni njia rahisi ila haina breki. Gramu 50 za kamba zina protini kama gramu 10, na ndani yake nitrojeni gramu 1.6, zikioza zote katika lita 140 ni zaidi ya miligramu 11 kwa lita. Kwa pH hii, kiasi hicho kingewabana hata bakteria wenyewe, hasa wale wa hatua ya pili. Siku ya 4 amonia ilisoma miligramu 3 kwa lita na mapokezi yakaanza kunuka soko. Kamba wakatolewa. Kuanzia hapo ilitumika kloridi ya amonia kutoka duka la kemikali za maabara: gramu 0.9 hupandisha lita 140 kwa miligramu 2 kwa lita, hainuki, na unajua ulichotia.

Siku ya 5 kipande cha sponji kutoka tangi la zaidi ya mwaka mmoja kilikamuliwa ndani ya maji, tope lote, kisha kikafungwa pembeni ya sponji mpya. Maji yakawa kama chai kwa saa kadhaa. Siku ya 9 nitriti ikaonekana kwa mara ya kwanza, miligramu 1. Kundi la kwanza la bakteria, linaloigeuza amonia kuwa nitriti, lilikuwa limeshika. Kasi hiyo ilikuwa nzuri.

Siku ya 11 hadi ya 13: mbu

Tangi lisilo na samaki, ndani ya Dar, ni dimbwi la kuzalishia mbu. Mtunzaji hakuweka wavu kwa sababu aliamini uso wa maji unaotikiswa na filta hautagwi mayai. Hesabu hiyo ni sahihi kama filta inafanya kazi saa 24. Hii haikuwa inafanya kazi hivyo. Mlinzi alikuwa akizima swichi kuu ya mapokezi kila usiku kuokoa umeme wa LUKU, kama alivyofanya jengo la zamani, na kuiwasha asubuhi kabla mtu yeyote hajafika. Kwa muda wa saa kumi kila usiku maji yalilala kimya. (Filta na pampu kwa pamoja zilikuwa wati 10, alichokuwa anaokoa ni yuniti 3 kwa mwezi.)

Siku ya 11 viluwiluwi walionekana wakining'inia chini ya uso wa maji. Siku ya 12 jioni dada wa usafi aliona mbu wakiruka kutoka kwenye meza ya tangi, akapuliza dawa ya wadudu ya kopo mapokezi yote, akafunga milango. Hakukosea kwa alichokijua. Dengi iliwahi kusumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, Aedes, hupenda hasa maji safi yaliyosimama majumbani na maofisini.

Dawa hizo za kopo nyingi ni za jamii ya pairethroidi. Kwa mtu hazina madhara makubwa zikitumiwa ipasavyo. Kwa samaki ni sumu kali kwa viwango vidogo mno, hushika kwenye mchanga na sponji, na pampu ya hewa huzivuta chumbani na kuzipuliza ndani ya maji. Asubuhi ya siku ya 13 utando wa mafuta ulikuwa juu ya maji.

Mtunzaji alifanya mambo matatu kwa haraka. Alinyonya maji asilimia 80 kwa mpira. Alitoa sponji zote mbili akaziosha chini ya bomba mpaka zikatoka safi. Kisha, kwa kuwa simtanki lilikuwa limekaribia kukauka na maji ya mtaa yalikuwa yametoka asubuhi hiyo, akaunganisha mpira bombani na kujaza lita 110 moja kwa moja. Alasiri aliweka gramu 200 za mkaa maalumu wa kuchujia ndani ya mfuko, mbele ya mdomo wa filta.

Jambo la kwanza na la mkaa yalikuwa sahihi. Mawili ya katikati yaliua mbegu iliyokuwa imeota.

Siku ya 14 hadi ya 19: tangi linalala, ufunguzi unafika

Siku ya 14 ilitiwa amonia miligramu 2. Siku ya 15 ilisoma 2. Siku ya 16, 2. Siku ya 17, chini ya 2 kidogo, na nitriti 0. Ndipo mtunzaji alipopima bomba lenyewe, kwa kipimo cha klorini cha bwawa la kuogelea: miligramu 0.8 kwa lita.

Kiwango hicho ni cha kawaida kabisa kwa maji ya kunywa. Maji ya bomba ya Dar hutoka kwa sehemu kubwa Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na hutiwa klorini, inayoua bakteria, ili yafike yakiwa bado na kinga. Shirika la Afya Duniani linataka yabaki angalau miligramu 0.2 yanapomfikia mtumiaji. Yakikaa siku tatu kwenye simtanki, klorini inapotea. Ndiyo maana maji ya siku ya 1 yalisoma 0, na mtunzaji akajenga imani kwamba "maji ya hapa hayana klorini". Alipima simtanki, hakupima bomba.

Siku ya 17 jioni Daktari alikuja kukagua. Maji yalikuwa yanang'aa.

"Haya mbona safi? Samaki wanaingia lini?"

"Daktari, nikiwatia leo watakufa mbele ya wageni wako. Naomba wiki tatu."

"Wiki tatu! Sasa wageni nitawaonyesha nini, mawe?"

Muuza samaki alikuwa na jibu lake: samaki kumi na wawili wa bei rahisi "wa kuanzishia", wakifa analeta wengine. Ushauri huu ni wa kawaida madukani, na hautolewi kwa hila kila mara. Wengi ndivyo walivyofundishwa. Lakini hapa hesabu ilikuwa wazi. Amonia ya miligramu 2 kwa pH 8.2 ina takriban miligramu 0.2 ya ile sehemu ya sumu, mara kumi ya 0.02 ambayo wafugaji wengi huichukulia kuwa mpaka wa usalama. Isitoshe, hapakuwa na uhakika kwamba dawa ya mbu imeisha mchangani.

Daktari alikubali kwa shingo upande. Siku ya 19 wageni waliona mawe, taa, karatasi nyeusi nyuma ya kioo, anubias aliyefungwa kwenye jiwe na mafungu ya vallisneria. Mimea ilinunuliwa, haikuchotwa kwenye mtaro wala bwawa, na iliangaliwa jani kwa jani. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na mtu anayetia mkono tangini kila wiki hana sababu ya kubahatisha.

Siku ya 18 hadi ya 38: kuanza upya, kwa utaratibu

Kabla ya kugusa maji, mtunzaji alizungumza na watu. Filta na pampu zilihamishiwa soketi ya ukuta isiyozimwa na swichi kuu, ikabandikwa karatasi: USIZIME. Mzee wa ulinzi alielezwa kwa nini, akaonyeshwa hesabu ya yuniti 3, akasema angeambiwa tangu mwanzo asingezima. Dada wa usafi alipewa kanuni moja: hakuna kupuliza dawa mapokezini, wala kuchoma dawa ya mbu ya kuzunguka. Juu ya tangi kikawekwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, kimefungwa kwa mpira. Neno hilo "kisicho na dawa" ni la lazima, kwa kuwa vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ileile iliyoharibu maji.

Sponji nyingine ilikamuliwa kutoka tangi lilelile kongwe. Dozi ikabaki miligramu 2 na ikarudiwa pale tu amonia ilipofika 0. Siku ya 24 amonia ilikuwa inaisha ndani ya saa 24. Nitriti ilipanda ikazidi 5, rangi ya mwisho kwenye kadi ya kulinganishia rangi za kipimo, ikakaa huko siku tisa bila kusogea. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kundi la pili la bakteria huota polepole kuliko la kwanza, na kipimo kilichofika mwisho wa kadi hakionyeshi kama nitriti ni 6 au 20. Mtunzaji alichanganya sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu nne za maji yasiyo na nitriti, akapima, akazidisha kwa tano. Siku ya 28 ilitoka 15. Siku ya 31, 8. Ilikuwa inashuka.

Siku ya 36 miligramu 2 za amonia ziliisha zote, amonia 0 na nitriti 0, ndani ya saa 24. Siku ya 37 jaribio lilirudiwa, likatoa jibu lilelile. Nitrati ilikuwa imepita 80, kwa hiyo asilimia 70 ya maji ilibadilishwa. Safari hii maji ya kujazia yalitoka kwenye mapipa mawili yaliyoachwa wazi siku nzima na jiwe la hewa, kila pipa la lita 100 likiwa limetiwa gramu 1 ya sodiamu thiosulfeti. Miligramu 7 za thiosulfeti hutosha kwa miligramu 1 ya klorini, hivyo gramu hiyo ilibeba hata bomba likifika 1.4. Klorini ilipimwa kabla ya kumimina: 0.

Siku ya 38 waliingia molly sita. Mfuko ulielea dakika 20 kusawazisha joto, kisha ukaongezwa kikombe cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa saa nzima, samaki wakahamishwa kwa wavu na maji ya mfuko yakamwagwa chooni.

Matokeo

Siku ya 40 amonia ilisoma 0.25, siku ya 41 ikarudi 0. Chakula kilipunguzwa kwa siku hizo mbili. Siku ya 45 waliongezwa guppy wanane, madume watupu, kwa sababu majike wangelijaza tangi ndani ya miezi michache. Kufikia siku ya 60 alikuwa amepotea guppy mmoja, aliyeruka pale chandarua kilipolegea kando ya mpira wa hewa. Hakuna aliyekufa kwa maji.

Uchambuzi

Kati ya sponji kuoshwa bombani na maji ya klorini kumwagwa tangini, lipi lilirudisha kazi nyuma? Kwa vipimo vilivyopo mtu hawezi kutenganisha moja kwa moja, lakini ukubwa wa lawama tunauweka kwenye sponji. Bakteria hawa hukaa wamenata kwenye sponji na mchanga, si wakielea majini. Lita 110 zenye klorini 0.8 ndani ya tangi lenye uchafu wake hupoteza nguvu upesi. Sponji iliyokamuliwa chini ya bomba linalotiririka hupata klorini mpya kila sekunde, na tope lenye bakteria huondoka na maji. Sponji huoshwa ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Kama dawa ya mbu ilikuwa imeishika kiasi cha kutisha, heri kuitupa na kuleta nyingine yenye mbegu kuliko kubaki na sponji safi isiyo na uhai.

Kuzimwa kwa filta usiku hakukuua bakteria wote, kwa kuwa nitriti ilionekana siku ya 9 hata hivyo. Sponji ndani ya tangi lililo wazi huendelea kupata oksijeni kidogo. Filta ya mkebe iliyofungwa, ikizimwa kwa muda wa saa kumi katika nyuzi 29, ingeishiwa hewa na kunuka yai bovu. Kwa jiji ambalo umeme hukatika, filta ya sponji ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kigezo cha kuingiza samaki: dozi ya miligramu 2 iishe ndani ya saa 24, mara mbili mfululizo. Bila kipimo hicho, maji ya siku ya 17 yangepita kwa macho. Uamuzi wa kuacha mchanga wa makombe bado unaweza kubishaniwa. Uliokoa kazi ya siku nzima na ukasaidia bakteria, lakini ulilifunga tangi kwenye samaki wa maji magumu, na Daktari bado anaulizia angelfish.

Limebaki suala la chanzo cha maji. Mwezi wa tatu mgao ulipobana, jengo liliagiza boza, na maji ya boza yalikuwa ya kisima chenye chumvi. Kipimo cha upitishaji umeme kilisoma 1,900 pale maji ya bomba yalipokuwa yakisoma 300. Molly hawakujali, vallisneria iliungua ncha ndani ya wiki mbili. Maji yanapopungua kwa joto chumvi hubaki, kwa hiyo kujazia kwa maji ya chumvi huilimbikiza. Sasa simtanki hupimwa kila linapojazwa, klorini na chumvi, na mapipa mawili hubaki yamejaa maji ya bomba kwa ajili ya tangi peke yake. Yamewekwa stoo, na dada wa usafi ameyawekea vifuniko vya kubana, kwa sababu ya mbu.